Mbona mwezi hautupi kisogo?

Pwani_Mashariki (Raskazone, Tanga)

Wakuu, salaam. Naomba kujuzwa na wenye elimu ya anga.

Vitabu vinasema tunaona upande mmoja tu wa mwezi miaka nenda miaka rudi. Vitabu hivyohivyo vinasema mwezi unajizungusha kwenye mhimili wake. Hapo nakwama. Pia ya kuchezea watoto ikizunguka unaiona pande zote, sasa mwezi unajizungusha vipi bila kutuonyesha kisogo? Na kama kweli unajizungusha kwa muda uleule unaotumia kuizunguka Dunia, ni bahati au kuna kinachoulazimisha?

La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Mwezi mpevu ukichomoza baharini jioni, yale madoa meusi yamekaa namna moja. Alfajiri ukielekea kuzama upande wa Muheza, madoa yaleyale yamepinduka juu chini. Hapo tunasemaje kwamba sura ni ileile?

Nawasilisha.

---

Fundi_Dira (Ngamiani)

Mkuu, nashika la kwanza, maana ndipo wengi wanapoteleza.

Mwezi unajizungusha, ila taratibu mno: mara moja kwa siku 27, saa 7 na dakika 43. Muda huohuo ndio unaotumia kuizunguka Dunia mara moja. Mtu akisimama kwenye ikweta ya mwezi, mzunguko huo unambeba kwa kilomita 16 na nusu hivi kwa saa, mwendo wa baiskeli ya hapa Ngamiani isiyo na mzigo. Kwenye ikweta ya Dunia ni kilomita 1,670 kwa saa.

Ukitaka kuuona mzunguko huo kwa macho, weka kigoda cha mbao katikati ya chumba. Hicho ndicho Dunia. Washa dira ya simu, ishike kifuani, ncha ya juu ya simu ielekee mbele yako. Simama kusini mwa kigoda ukikitazama: dira inasoma 0. Sasa kizunguke kwa kwenda mashariki, uso wako usikiachie hata kidogo. Ukifika mashariki mwa kigoda dira inasoma 270, ukifika kaskazini 180, magharibi 90, na ukirudi ulipoanzia 0. Dira imepita nyuzi zote 360. Kwa hiyo umejizungusha mara moja kamili, na aliyekaa kwenye kigoda hajaona kisogo chako. Alichoona ni uso mwanzo mwisho.

Rudia, safari hii ukikataa kujizungusha: dira ibaki 0 muda wote, uwe unatembea kimbavumbavu na kinyumenyume. Kusini, kigoda kinaona uso wako. Mashariki kinaona bega la kushoto, kaskazini kinaona kisogo, magharibi bega la kulia. Mwezi usiojizungusha ndivyo ungefanya: ungetuonyesha pande zote kila mwezi. Yaani watu wanasema "hatuoni nyuma, basi haujizungushi", wakati mambo ni kinyume chake kabisa.

Zoezi hili huharibika kwa mambo mawili. Meza ya miguu ya chuma au spika iliyo karibu huvuta dira, nawe utasoma 40 badala ya 0. Kava la simu lenye sumaku hufanya vivyo hivyo. Livue, kisha ichezeshe simu hewani kwa umbo la nane mara tatu nne kabla ya kuanza.

Na usichanganye siku 27.3 na zile 29.5 za mwezi mwandamo hadi mwezi mwandamo. Mwezi ukikamilisha duara lake, Dunia nayo imeshasogea nyuzi kama 27 kulizunguka Jua, hivyo mwezi unahitaji siku mbili na ushee kulifikia Jua tena. Mzunguko wa mhimili unalingana na 27.3.

---

Omo_na_Tezi (Mwambani)

Kwenye swali la pili: si bahati, ni breki. Na breki yenyewe watu wa pwani tunaijua kwa jina jingine, kujaa na kupwa.

Mvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474 na uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Dunia inauvuta uso wa karibu kwa nguvu kidogo kuliko kitovu, na kitovu kuliko mgongo. Tofauti hiyo inautanua mwezi uwe kama yai, ncha moja huku kwetu, nyingine kinyume. Sisi tunaona mwezi unavyotunyanyulia bahari, tunasahau kwamba Dunia ni nzito kuliko mwezi mara 81. Mwezi ni mdogo, kipenyo chake ni robo ya chetu na ushee, lakini hata ukiipunguzia hiyo, kani inayoutanua mwezi ni kama mara 22 ya ile inayoitanua Dunia. Kule hakuna maji ya kujaa, kinachojaa ni mwamba.

Sasa rudi miaka zaidi ya bilioni 4 nyuma. Mwezi uko karibu zaidi na bado unajizungusha kwa kasi yake. Lile yai linataka kuelekea Dunia, lakini mwamba unazunguka, kwa hiyo kila saa kuna mwamba mwingine unaoingia kwenye zamu ya kuvimba. Mwamba hauvimbi papo hapo. Unachelewa, na ukija kuvimba sawasawa, mzunguko umeshauvusha mbele ya mstari wa Dunia. Dunia inaushika uvimbe ule uliopitiliza na kuuvuta urudi. Uvimbe wa mgongoni nao unavutwa, tena kwa upande wa kuuongezea mwezi mzunguko, ila uko mbali kwa zaidi ya kilomita 3,000, hivyo nguvu yake ni ndogo. Toa moja kwa nyingine, inabaki breki. Nishati iliyoporwa inakuwa joto la msuguano ndani ya mwamba.

Breki inaachia lini? Pale mzunguko wa mhimili unapolingana na mzunguko wa njia. Uvimbe hausafiri tena kwenye mwamba, umetulia mahali pamoja, hakuna kuchelewa, hakuna kuvutwa nyuma. Watu huuliza mbona breki haikuendelea mpaka mwezi usimame kabisa. Kwa sababu ukipungua zaidi ya hapo, uvimbe unabaki nyuma ya mstari, na Dunia inauvuta mbele: breki inageuka kuwa mafuta. Hauna pa kwenda ila kurudi palepale.

Umbali ndio uliamua kasi ya kazi yote hii. Umbali ukiwa nusu, kani ya kutanua inakuwa mara 8, na breki yenyewe inakuwa mara 64, kwa maana uvimbe ni mkubwa mara 8 na unavutwa kwa nguvu mara 8. Ndiyo sababu mwezi ulifungwa mapema katika umri wake.

Mfano wa karibu: ngalawa iliyotia nanga kwa omo, yaani upande wa mbele. Mwanzo inayumba huku na huku, mwisho maji yanaipooza nayo inakaa omo ikielekea mkondo. Na ushahidi wa kuchelewa mnao hapahapa. Siku za bamvu la mwezi mpevu, maji yanapojaa sana, mwezi unakuwa utosini saa 6 usiku, lakini Tanga maji hayajai saa 6. Yanajaa baadaye, kama saa 10.

---

Mizani (Bagamoyo)

Omo_na_Tezi, maelezo ya breki nayakubali yote. Mifano miwili ya mwisho siikubali.

Maji kujaa saa 10 badala ya saa 6 hakutokani sana na msuguano. Bahari imezuiwa na mabara, ina vina tofauti, wimbi la kujaa linazunguka kwenye beseni lake kama maji kwenye karai unalotikisa. Kila pwani ina saa zake. Msuguano umo ndani yake, lakini ukitumia saa 10 ya Tanga kupima kuchelewa kwa uvimbe utapata jibu la ajabu. Uvimbe wa jumla wa Dunia umepitiliza mstari wa mwezi kwa nyuzi chache tu.

Ngalawa nayo ina namna moja tu ya kutulia. Mwezi ulikuwa nazo mbili. Kitu kirefu kinachoizunguka Dunia hutulia mhimili wake mrefu ukielekea Dunia, lakini ncha yoyote kati ya mbili inaweza kuwa ya huku. Huu uso wenye madoa ungeweza kuwa wa nyuma na ule wa nyuma ukawa wa mbele, na kani za kutanua zisingelalamika. Kitovu cha uzito cha mwezi kweli kimesogea upande wetu, kama kilomita 2 kutoka kitovu cha umbo, ila msidhani mwezi ni kama mwanasesere mwenye risasi kitakoni, kwamba upande mzito lazima "uangukie" huku.

Nyongeza ndogo: deni hili linalipwa pande mbili. Mwezi nao unaifunga breki Dunia. Siku yetu inarefuka kwa milisekunde kama 2 kila miaka 100, na mzunguko unaopotea huku unausukuma mwezi uende mbali, sentimita 3.8 kwa mwaka. Hiyo imepimwa kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo vilivyoachwa mwezini na wanaanga wa Marekani wa Apollo 11, 14 na 15. Mwale unakwenda na kurudi kwa sekunde 2 na nusu. Pluto na mwezi wake Charon wameshamaliza kazi: kila mmoja anamtazama mwenzake kwa uso uleule, kwa mzunguko wa siku 6.4.

---

Kijana_Chumbageni

Kwa hiyo huko nyuma ni giza la milele. Wachina wamekwenda kutafuta nini gizani?

---

Fundi_Dira

Hakuna giza la milele, kijana. Upande wa mbali unapata Jua kama huu wetu, karibu siku 15 mchana na karibu siku 15 usiku. Siku mwezi bado haujaandama na huku hatuuoni, kule nyuma ni mchana mtupu. Chombo cha Wasovieti, Luna 3, kiliupiga picha kwa mara ya kwanza Oktoba 1959 kwa kuchagua wakati ambao nyuma kumeangazwa. Watu wa kwanza kuuona kwa macho ni wale watatu wa Apollo 8, Desemba 1968.

Shida ya kule ni mawasiliano. Dunia haionekani angani hata siku moja, hivyo redio ya moja kwa moja haipiti. Wachina walitanguliza setilaiti ya kupokezana, Queqiao, ndipo Chang'e 4 ikatua tarehe 3 Januari 2019. Mwaka 2024 Chang'e 6 ikaleta kilo 1.9 za udongo na mawe ya huko. Na sura ya huko ni nyingine kabisa, yale mabonde meusi tunayoyaita bahari ni machache mno, kreta (mashimo) juu ya kreta.

---

Mizani

Narudi kwenye swali la tatu la mleta mada, naona mmelikwepa.

Madoa kupinduka ni kweli, na kwetu kunaonekana wazi kuliko Ulaya. Ila aliyepinduka ni wewe. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jioni unatazama mashariki, Mombasa iko mkono wako wa kushoto, na kaskazini ya mwezi nayo inaelekea kushoto. Alfajiri umegeuka kutazama magharibi, Mombasa iko kulia, na kaskazini ya mwezi imehamia kulia pamoja nayo. Nusu duara, karibu nyuzi 180. Mtu wa London haendi hivyo: mwezi wake unapita upande wa kusini, anaufuata kutoka kushoto kwenda kulia, na sura inainama badala ya kupinduka.

Chukua alama moja ya kufuata. Kuna doa la duara lililojitenga na mengine, karibu na ukingo. Linaitwa Mare Crisium. Mwezi mpevu ukichomoza, saa 12 na nusu jioni hivi, Crisium iko juu, kushoto kidogo. Ukizama alfajiri iko chini, kulia kidogo. Mwezi mchanga wa siku 3 au 4 hurahisisha kuijua, maana ndilo doa la mviringo lililomo ndani ya ule upande uliokwisha kuangazwa. Na kwa sababu hiyohiyo ya kukaa karibu na ikweta, mwezi mchanga wetu hulala kama mtumbwi, pembe juu: Jua limezama chini yake, na upande wenye nuru ni wa chini.

Kujihakikishia, tandika mkeka ufukweni, lala chali, miguu mashariki, kichwa magharibi. Mwezi ukichomoza unauona kupitia vidole vya miguu, Crisium ikiwa juu, yaani upande wa kichwani kwako. Ukifika utosini, Crisium bado iko upande wa kichwani. Alfajiri rudisha kichwa nyuma uutazame unavyozama: Crisium iko palepale, upande uleule wa jicho lako. Hapo sasa inuka, geuka, utazame kwa kusimama. Umepinduka.

---

Pwani_Mashariki

Mizani, hilo la mkeka limenifungua. Ila mahali fulani nimekuta kwamba kwa jumla tunaona asilimia 59 ya mwezi. Upande mmoja si asilimia 50? Hizo 9 zinatoka wapi, na zinaweza kuonekana kwa simu?

---

Omo_na_Tezi

Zinatoka kwenye kuyumba kwa mwezi. (Mizani, ngalawa naiondoa. Saa 10 pia.)

Mzunguko wa mhimili hauna haraka wala pole, ni sawasawa muda wote. Lakini njia ya mwezi ni duaradufu: ukiwa karibu, kama kilomita 363,000, unakimbia, ukiwa mbali, kama 405,000, unajikokota. Kwa hiyo njia hutangulia mhimili, halafu mhimili hutangulia njia. Matokeo yake tunachungulia nyuma ya ukingo wa mashariki wa mwezi, kisha wa magharibi, hadi karibu nyuzi 8 kila upande. Tena mhimili wa mwezi umeinama nyuzi 6.7 kwenye njia yake, hivyo mara tunaona kidogo ng'ambo ya ncha ya kaskazini, mara ya kusini. Mwezi unatikisa kichwa kushoto kulia na kuitikia juu chini. Ukiongeza nyuzi 1 hivi kwa sababu ya sisi wenyewe kusogezwa na Dunia kati ya kuchomoza na kuzama, unafika asilimia 59. Ile 41 iliyobaki haionekani kutoka hapa, iwe Tanga au kwingine.

Kwa simu inaonekana, na alama ni Crisium tena. Siku kama 7 baada ya mwezi kuwa karibu zaidi, Crisium inasogea ndani, mbali na ukingo. Siku kama 7 baada ya kuwa mbali zaidi, inabanwa ukingoni. Kwa hesabu, mwezi ukiwa na upana wa pikseli 1,000 kwenye picha, nafasi kati ya kitovu cha Crisium na ukingo inakuwa kama 100 ukiyumba nyuzi 7 kwa upande mmoja, na kama 40 ukiyumba nyuzi 7 kwa upande wa pili. Huhitaji jicho la kitaalamu kuona hilo.

Usilinganishe mwezi mpevu wa mwezi huu na ujao ukategemea tofauti kubwa. Kurudi kwenye sehemu ya karibu huchukua siku 27.55, mwezi mpevu hurudi baada ya 29.53, kwa hiyo vinaachana polepole. Tofauti kubwa ya mwezi mpevu kwa mpevu huja baada ya miezi 7 ya mwandamo. Usipojali mwezi kuwa mpevu, wiki 2 zinatosha: Crisium huangazwa kuanzia siku ya 4 hivi hadi siku mbili tatu baada ya mpevu. Stellarium, programu ya simu ya kuonyesha anga, inakuonyesha umbali wa mwezi kila siku, iwekee mahali pa Tanga.

---

Fundi_Dira

Upigaji wenyewe ndio unaowashinda wengi, kwa hiyo naongeza.

Darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha. Ifunge kwenye tripodi au iegemeze ukutani, maana mkononi picha itatetemeka. Lenzi ya simu ikae katikati ya tundu la kutazamia, karibu sana bila kugusana. Kwenye kamera weka ISO (wepesi wa kuhisi nuru) 100, shata (muda wa kupokea nuru) sekunde 1/250. Mwezi ukitoka kama sahani nyeupe bila madoa, nenda 1/500. Simu isiyo na mipangilio hiyo, gusa mwezi kwenye skrini kisha teremsha mwangaza kwa kidole mpaka bahari zionekane kijivu.

Zima kurembesha picha. Simu nyingine zikitambua kwamba ni mwezi zinachora madoa zenyewe kutoka kwenye kumbukumbu zake, na hapo unapima mwezi wa kiwandani. Usivute kwa vidole pia, kata picha baadaye kwenye kompyuta. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa na ukingo unakuwa ukungu.

Na kumbuka aliyosema Mizani. Picha ya saa 2 usiku na ya saa 10 alfajiri zitakuwa zimepinduka zenyewe kwa zenyewe, na ukizilinganisha hivyohivyo utafikiri mwezi umegeuka kweli. Kabla ya kupima, zungusha zote mbili mpaka Tycho, lile doa jeupe lenye miale linaloonekana vizuri mwezi ukiwa mpevu, likae chini, na Plato, doa dogo jeusi la mviringo, likae juu. Kisha zikuze au zipunguze mpaka kipenyo kilingane, maana mwezi wa karibu hutoka mkubwa kuliko wa mbali kwa zaidi ya asilimia 10. Ndipo upime nafasi ya Crisium.